Kumbukumbu ya vaisi: shaba inabaki, welding inatoka

Vaisi, kile kifaa cha mezani cha kubania kazi kati ya mataya mawili, imefunguka yote, kila kipande kiko peke yake, sasa naweza kuongea kitu cha maana kuhusu hali yake. Ni ya inchi 5, mwili wa kasti (chuma cha kumimina), skrubu kuu ina thredi za mraba ambazo bado zina nyama ya kutosha. Nati yake ina mchezo, yaani inalegea kabla ya kushika, wa kama robo mzunguko, wengi wakiona hivyo wanasema vaisi imekufa lakini mchezo huo haupunguzi kubana hata kidogo, cha kuogopa ni thredi zikishalika mpaka zikabaki na ncha kali na hizi hazijafika huko. Kutu ipo ya juu juu. Kazi yote iko kwenye mataya, yalishavunjika zamani yakatengenezwa, na ukiyakagua vizuri unaona kabisa ni mafundi wawili tofauti.

Fundi wa kwanza namvulia kofia. Taya la nyuma, lile lisilotembea, kona yake moja ilikatika na yeye akairudisha kwa shaba. Nilivyokwangua rangi ukatokea mstari wa njano mpana, maana yake kabla ya kuunga alichonga mtaro pande zote mbili ili shaba iingie mpaka ndani, hakupaka juu juu. Hakuna tundu, hakuna ufa. Na ndo njia inayofaa kwa kasti, kwa sababu kasti ina kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4 hivi, ukiiyeyusha halafu ikapoa haraka pale pembeni mwa mshono panakuwa pagumu na pepesi kupasuka. Shaba ya kuungia inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, kasti yenyewe inataka zaidi ya 1100, kwa hiyo kasti inapata moto lakini haiyeyuki, shaba inaishika tu.

Fundi wa pili sijui alikuwa na haraka gani. Bolti za bamba la taya la mbele, kile kipande cha chuma kinachofungwa usoni mwa taya, zilimkatikia ndani, badala ya kuzitoa akalaza kipande cha chuma juu na kukizungushia welding kwa rodi za kawaida. Kimekaa upande. Ukifunga vaisi kulia inabana mpaka basi, kushoto karatasi inapita bila kuguswa.

Kwa hiyo uamuzi ndo huo: ya kwanza siigusi, ya pili inatoka yote. Najua kuna watu watasema toa na hiyo shaba uchomelee upya kwa rodi za nikeli, aisee hapana, kitu kimeshika miaka yote hiyo unakitoa cha nini, afu ukipeleka tena moto mkubwa pale ndo unaweza kuipasua.

Kutu. Hiyo shaba ndo iliyonifanya nisitumie siki, asidi ikikaa muda mrefu inakula zinki iliyomo kwenye shaba ya njano, na mimi nataka mshono ubaki ulivyo. Nikaenda na umeme: ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia kama kijiko kikubwa kwa lita 4, chaja ya betri, hasi kwenye vaisi na chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Chuma chakavu kisiwe steinlesi, ile ina kromu na maji yanageuka sumu. Na ifanyike nje maana inatoa haidrojeni, cheche moja tu inatosha kuharibu siku. Ikitoka unapiga brashi ya waya, unakausha na kupaka mafuta hapo hapo, ukichelewa kidogo inaanza wekundu upya.

Kutoa welding. Nilikata mshono kwa grenda na diski nyembamba, nikikaa upande wa bamba na sio upande wa kasti, bamba lina pa kwenda, ni jalalani. Likaachia kwa patasi na nyundo ndogo. Chini yake ndo nikaona nilichokuwa nakiwaza, mstari mwembamba unafuata ukingo wa mshono. Ufa au mkwaruzo? Kwa macho huwezi kujua. Nikapaka mafuta ya taa, nikayaacha yaingie, nikafuta mpaka pakavu kabisa halafu nikapaka unga wa chaki. Kama ni ufa mafuta yaliyojificha ndani yanarudi nje na kuchora mstari kwenye chaki. Yalichora. Nikasaga kidogo, nikapima tena, nikasaga, nikapima, ilivyofika kama milimita 2 mstari ukapotea kabisa. Ungeendelea kwenda chini ningetoboa tundu dogo pale unapoishia ili usisafiri, lakini haikufika huko.

Kule kusaga kulisaidia na kitu kingine: ile ngozi ngumu ya pembeni mwa mshono imeondoka. Mwanzo biti ya drili ilikuwa inalia tu juu yake haiumi. Baada ya hapo nikapiga panchi katikati ya bolti zilizokatika, nikatoboa kwa biti nyembamba kwanza halafu ya milimita 8.5, nikapitisha tepu (kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu) ya M10, yaani bolti ya milimita 10, maana thredi za zamani za M8 zilikuwa zimekwisha. Kasti inakatwa thredi kavu bila mafuta, grafaiti iliyomo ndani inajilainisha yenyewe, unachotoa ni unga mweusi sio nyuzi nyuzi. Ila hakikisha unageuza tepu nyuma kila mara uvunje huo unga.

Mabamba mapya. Chuma cha kaboni ya kati, unene milimita 12, bolti za alen (zenye tundu la pembe sita kichwani) zimezama ndani. Sijayakata meno na sijayachoma yawe magumu, hapa najua tutabishana. Mimi nabana vitu nilivyokwisha kupiga tupa na sitaki alama, na bamba laini likichoka unalipiga tupa tena maisha yanaendelea.

Kazi iliyokula muda ni kusawazisha pale bamba linapokaa kwenye taya la nyuma. Pale kasti inapokutana na shaba tupa inakula shaba haraka kuliko kasti, ukisukuma kawaida tu unapata bonde kwenye shaba bila kujua. Nikawa napiga tupa kwa mshazari, sehemu kubwa ya tupa imelalia kasti, napaka masizi nyuma ya bamba, nalibonyeza, natazama wapi pamechafuka, napunguza hapo hapo tu. Inachosha. Lakini bamba likiwa halijalala vizuri nyuma bolti zinabeba nguvu zote na ndo hivyo zilikatika mara ya kwanza, angalau mimi naamini hivyo.

Kupima. Vipande vinne vya karatasi, kila kona kimoja, unafunga taratibu na kuvivuta. Juu vinashika kidogo kabla ya chini na hivyo ndo nataka, taya la mbele likipata nguvu linajiinua kidogo na chini nako panafunga. Kulia na kushoto sasa ni sawa.

Skrubu imeoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya, rangi ni ya kijivu, kawaida tu. Mstari wa shaba nimeuacha bila rangi, kwanza naupenda, pili ukianza ufa nauona mapema. Kwenye kona ile sitagonga nyundo, kazi za kugonga nitabana upande wa pili. Bado kitako kinachozunguka, bolti yake moja imeganda na nimeiachia mafuta ya kupenya, ikikubali spana narudi na update.