DT125 ya mjomba: pistoni mpya na ufa nilioutafuta siku nzima

Jumamosi

Leo nimeshusha silinda. Pikipiki ni Yamaha DT125 ya mipigo miwili, niliyoachiwa na mjomba aliyekuwa bwana shamba na kuzunguka nayo vijiji vya Uyui kwa miaka mingi. Mwezi mzima imekuwa ikigongagonga asubuhi kabla haijapata moto, na ukiizima ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka uisukume. Nilipoibonyeza kiki kwa mkono ilishuka bila ubishi.

Kila niliyemuuliza hapa Isevya, Tabora, ana jibu lilelile: chonga silinda, weka pistoni, safari iendelee. Mimi nataka kwanza kujua imeliwa na nini. Kwenye injini hii hewa, petroli na oili hupita chini kwenye konrodi, mkono unaoshika pistoni, kabla ya kupanda juu kuchomwa. Uchafu ukiingia na hewa, beringi, pistoni na ringi zote zinaupata.

Pistoni yenyewe ilinijibu. Upande wa ekzosi, ambako pistoni iliyokosa oili au kuzidiwa na joto ndiko hukwaruzika, ulikuwa safi. Upande wa kabureta ndio umepauka na kujaa mistari ya wima, kana kwamba mtu ameupitishia msasa. Hilo ni vumbi. Nikakwangua kaboni ya juu, ikatokea namba 0.50, yaani pistoni imezidi ya kiwandani kwa nusu milimita. Kumbe silinda ilishachongwa zamani.

Jumapili

Siku nzima natafuta vumbi lilikopitia. Sponji ya chujio nzima, ina oili yake. Mpira unaounganisha chujio na kabureta nao nikauona mzima, mpaka nilipolegeza bendi na kuukunja. Chini ya bendi, pale jicho lisipofika, una ufa wa urefu wa ukucha. Mdomo wa kabureta kwa ndani una utando wa rangi ya udongo wetu.

Aliyewahi kupita njia za mchanga za kwenda kwenye mizinga ya nyuki, kiangazi, nyuma ya lori la tumbaku, analijua vumbi hilo: laini kama unga wa muhogo, na lori likishapotea lenyewe bado linaelea. Ningefunga pistoni mpya na mpira ule ule, lingeitafuna na hiyo. Nimeagiza mpira pamoja na pistoni.

Jumatano

Silinda iko kwa mzee mwenye mashine ya kuchonga. Aliipima juu, katikati na chini, kila sehemu mara mbili kwa msalaba. DT125 hutoka kiwandani na kipenyo cha milimita 56. Yangu, iliyokuwa 56.50, imefika 56.68 pale ilipoliwa zaidi. Pistoni za kuongeza saizi huenda kwa hatua za robo milimita, nami nilitaka ya 0.75 ili nibakize hatua moja ya baadaye.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Hiyo inaniachia saba ya mia ya milimita tu. Mashine ikisogea kidogo, mikwaruzo inabaki. Weka ya 1.00.”

Imeniuma, maana kwangu hiyo ndiyo ya mwisho, baada yake ni kuweka slivu, yaani ukuta mpya ndani ya silinda. Lakini amesema kweli. Na hakuigusa silinda mpaka pistoni ilipofika kwa basi kutoka Dar: anachonga kwa kuifuata pistoni iliyo mkononi mwake, si namba ya kwenye boksi. Kati ya pistoni na silinda ameacha nafasi ya milimita 0.05. Makali ya matundu ya silinda ameyavunja pia bila kuambiwa. Yakiachwa makali, ringi hunasa humo na kukatika.

Jumamosi ya pili

Nimeiosha silinda kwa sabuni na maji ya moto mara nne, nikawa naifuta kwa kitambaa cheupe mpaka kikatoka bila rangi ya kijivu. Petroli peke yake huacha unga wa mashine kwenye mikwaruzo midogo. Kisha oili papo hapo, kabla kutu haijaanza.

Kufunga hakukuchukua muda. Kitambaa mdomoni mwa injini ili klipu inayozuia pini ya pistoni isitumbukie, beringi ya sindano mpya, klipu mpya, mshale wa pistoni kuelekea ekzosi. Ringi nilizipima kwanza ndani ya silinda, mwanya kati ya ncha zake ukawa milimita 0.35. Nilipokaa muda mrefu ni kwenye vipini vidogo vya mifereji ya ringi: ncha za ringi lazima zikumbatie kipini, zikikipanda silinda inakwaruzika siku hiyo hiyo. Nati za juu nimezikaza kwa msalaba, kwa awamu tatu.

Pampu ya oili, inayoipa injini oili yenyewe, nimeitoa hewa, ila tangi la kwanza nimechanganya na oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli, kwa tahadhari. Iliwaka kiki ya tatu. Nikaiacha mpaka mapezi ya silinda yakapata joto, nikazima, ikapoa kabisa. Mara tatu hivyo, kisha nikakaza nati upya.

Kilomita 120

Njia ya Sikonge, polepole, bila kushikilia mwendo mmoja. Haigongi tena asubuhi. Jioni nimefungua mpira mpya na kupitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa kabureta. Kimetoka na petroli na oili tu.