Nilivyosoma uhamasishaji wa afya na kufanya utafiti wangu wa kingatiba ya mabusha nyumbani Tanga

Watu wananiuliza sana hii kozi ya uhamasishaji wa afya na tabia inasomwaje, wengi wanadhani unafundishwa kubandika mabango na kupita na kipaza sauti mtaani basi. Ngoja niwaeleze nilivyopita nayo, hasa nadharia na utafiti maana hapo ndo wengi wanateseka.

Pale idarani unapewa nadharia moja baada ya nyingine, karibu zote zimetoka Marekani. Iliyonishika mimi ni modeli ya imani za afya, ile inayosema mtu anafuata ushauri wa afya kutokana na anavyoamini kuhusu ugonjwa na dawa yake. Ilianza miaka ya 1950, akina Hochbaum na Rosenstock, wanasaikolojia wa idara ya afya ya kule, walikuwa wanajiuliza kwanini magari ya eksirei ya kupima TB yanasogezwa karibu na watu, bure, halafu watu hawaendi. Nilivyosoma hapo nikasema mbona hii ni Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, kabisa! Kwetu kingatiba ya matende na mabusha, yaani vidonge vya kinga wanavyopewa hata wasioumwa, ilikuwa inaletwa mpaka mlangoni, hulipi hata mia, na bado mtu anapokea vidonge anasema ntameza nikishakula, kesho yake unavikuta juu ya kabati.

Basi nikachukua daftari, kila kipengele cha ile modeli nikakigeuza swali ambalo naweza kumuuliza shangazi yangu jikoni akanielewa. Unaona na wewe unaweza kupata busha? Ukilipata maisha yatakuwaje? Hivi vidonge unaona vinasaidia? Nini kinakuzuia kumeza? Nani alikusukuma ukameza? Na lile la kujiona unaweza, ambalo Rosenstock na wenzake waliliongeza 1988. Nikishapata maswali kwa Kiswahili cha nyumbani ndo nikarudi kwenye vitabu, na vikaanza kusomeka.

Hilo swali la kwanza ndo lenye mambo mengi. Minyoo ya matende na mabusha inaletwa na mbu na mtu anakaa nayo miaka bila kuvimba popote, sasa mtu mzima wa afya utamwambiaje ameze dawa ya ugonjwa asiouona? Halafu vidonge vyenyewe, ivermectin na albendazole, vinamaliza vile vitoto vya minyoo kwenye damu, minyoo mikubwa yenyewe inaendelea kuishi, ndo maana zoezi linarudiwa kila mwaka. Na mwenye minyoo wengi ndo anaweza kuwashwa na kuumwa kichwa zaidi akimeza, kwasababu vitoto vinakufa kwa wingi kwa mpigo. Mtaani hiyo inasomwa kinyume. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa mzima wangu, nikameza nikalala siku mbili homa, leo nimeze tena kwa lipi?" Nikamweleza taratibu, akauliza mbona siku ile hakuna aliyemwambia. Hilo swali lake limeingia kwenye ripoti kama lilivyo.

Kuhoji wanaume kuhusu busha na mimi mwanamke haikuwa rahisi, ni jambo la aibu. Nilichofanya nikaanza kwa mwenyekiti wa mtaa na barua zangu za kibali, nikatafuta kijana wa hapohapo nikamfundisha maswali, vikundi vya wanaume akaongoza yeye, na tukawatenganisha kwa umri maana kijana hawezi kufunguka mbele ya baba mkwe. Hatukuuliza wewe umeumwa, tuliuliza watu wa hapa wanasemaje. Kahawa ikishazunguka barazani wanaanza wenyewe, mpaka ule uvumi kwamba dawa inapunguza nguvu za kiume ukatoka bila kuulizwa.

Mgawa dawa mmoja, mama wa makamo, alinionyesha ile fimbo ya kupimia, kimo chako ndo kinasema umeze ivermectin ngapi na mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Rangi ya alama ya chini ilishafutika kwa kuegeshwa kwenye kuta, kachora upya na kalamu ya wino. Anaipenda kazi yake yule mama, anajua nyumba gani ina mjamzito wa kurukwa na nyumba gani baba anatoka alfajiri.

Na hapo ndo nilipopata jibu langu. Niliowahoji wengi walijua mbu, walijua dawa, hawakukosa elimu. Mgawa dawa anapita asubuhi, wanaume wako Deep Sea, kule vyombo vya uvuvi vinakoshusha samaki, au wapo kibaruani, na aliyepo nyumbani hajatia kitu tumboni. Kuongeza mabango hapo ni kupoteza hela tu jamani! Nikapendekeza ugawaji wa jioni, watu wameshakula, na pale Deep Sea vyombo vikirudi. Pia nikaandika kuhusu Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio ya 1973, vile vikundi vilivyokuwa vinasikiliza redio pamoja, vinajadili halafu vinaamua kuchimba vyoo, maana kumeza dawa nako watu wanaamua pamoja.

Muhtasari wa Kiswahili nikampelekea mwenyekiti na yule mama. Mama akausoma wote akasema umesahau kitu, sisi wagawaji tupewe vitambulisho, wapangaji wapya hawatujui hawatufungulii. Nikakiingiza kwenye mapendekezo kabla sijakabidhi chuoni.