Siku moja maishani mwangu: kumsaka bakteria asiye na jina

Saa 1 asubuhi. Koti la maabara hata sijavaa, mbio mpaka kwenye inkyubeta, kabati la joto la kukuzia bakteria. Sahani za bakteria wangu zina siku ya sita kwenye nyuzi 30 na chakula nilichowawekea ni lindeni tupu, ile dawa ya wadudu iliyoingia orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kemikali sumu zisizoisha upesi, 2009 ila udongoni bado ipo tu, haijui habari za mikataba. Kolonia za njano! Na kila moja ina duara safi pembeni, pale ukungu mweupe wa dawa ulipoliwa ukaisha. Nimezikodolea macho kama mshamba.

Saa 3. Rangi ya Gram, ile ya kugawa bakteria makundi mawili: zambarau au wekundu. Nikaharakisha kwenye spiriti, wakatoka zambarau, moyo ukaruka, maana kundi ninalolishuku, Sphingobium, wanatakiwa watoke wekundu. Nimerudia taratibu: pinki. Haya.

Saa 5. Majibu ya jeni ya 16S, ile ya kumtambulia bakteria, yameingia, herufi karibu 1,500, na ndugu yake wa karibu kabisa wanafanana asilimia 98.4. Mstari tunaouangalia ni kama 98.7, chini yake huenda ni spishi mpya, kwa hiyo mwenzangu ashaanza vigelegele, mi nikamwambia tulia kwanza. Hawa Sphingobium wana mambo yao: japonicum, indicum na francense, wote wala lindeni, walikuwa wakiitwa Sphingomonas paucimobilis hadi 2005 ndo wakatenganishwa. Kumjua bakteria kwa jeni moja ni kama kumjua mtu kwa kisogo tu.

Saa 8. Kula sijala. Jenomu nzima, yaani DNA yake yote, tulishasoma wiki iliyopita, leo ni kuilinganisha na za ndugu zake, na hapa ndo penye kesi yenyewe: ufanano ukishuka chini ya asilimia 95 hivi, huyo ni spishi nyingine. Kompyuta inasaga, inasaga... 91. Nikajaribu na jirani wa pili, wa tatu, namba ndo inazidi kushuka. Nikavuta kiti nikakaa.

Saa 11. Nimemgandisha kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, mirija kumi (kuna aliyempoteza wake friza ilipokufa, sitaki hiyo hadithi). Bado kumpeleka kwenye hifadhi mbili za bakteria, nchi mbili tofauti, bila hivyo jina halitambuliki. Mwenzangu anataka tumpe jina langu. Nimemwambia kujipachika mwenyewe si adabu kwenye kazi hii, nageuka hivi nakuta ashaliandika kwa maka kwenye vifuniko vyote kumi.