Siku 255 katika seli moja

Usingizi umeniruka tena. Tangu jioni namwaza Kazimierz Moczarski, na swali ni lilelile: mimi ningeweza kukaa nikasikiliza?

Tarehe 2 Machi 1949, gereza la Mokotów, Warsaw. Moczarski, mwanasheria na mwandishi wa habari, anafungiwa seli moja na Wajerumani wawili. Mmoja ni dagaa tu katika SS, kikosi cha silaha cha chama cha Wanazi. Mwingine ni Jürgen Stroop, jenerali wa SS aliyelifuta geto, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi, la jiji hilohilo mwaka 1943. Moczarski alikuwa amepambana na Wanazi ndani ya Jeshi la Nchi, jeshi la siri la Poland. Vita vilipokwisha na wakomunisti wakashika hatamu, alikamatwa Agosti 1945, akateswa, akabambikiwa kwamba alishirikiana na Wanazi haohao. Baadaye aliwaorodheshea waendesha mashtaka aina 49 za mateso aliyofanyiwa. Lakini kumlaza pembeni ya Stroop, mimi naona, kulikuwa kumpigilia tuhuma hiyo usoni kila alfajiri anapofumbua macho.

Walikaa hivyo siku 255.

Stroop alizaliwa Detmold akiitwa Josef. Mwaka 1941 akalitupa jina hilo, akajiita Jürgen. Ripoti yake ya kuangamiza geto aliijalidi kwa ngozi kama albamu ya harusi, na humo akajisifu kwamba Wayahudi 56,065 walikamatwa au kuuawa. Ndani yake mna picha nisiyoweza kuitazama kwa muda mrefu. Mtoto wa kiume, kofia kichwani, soksi ndefu, magoti wazi, mikono juu. Nyuma yake askari ameshika bunduki. Chini pameandikwa kwa mwandiko wa madaha kwamba wametolewa mahandakini kwa nguvu. Basi. Kwa Stroop ile ilikuwa kumbukumbu ya kazi iliyokwenda vizuri.

Na gerezani alizungumza hivyohivyo. Sinagogi Kuu ililipuliwa saa mbili na robo usiku, 16 Mei 1943, naye alisimulia mlipuko ule kama mtu anayekumbuka fataki za sikukuu. Majuto hayakumgusa.

Moczarski hakumrukia shingoni. Alimuuliza. Habari za utotoni, za mama yake, za kujiunga na chama cha Wanazi, za kupandishwa vyeo. Alitaka kujua mtu anaanzaje hata akafika pale. Nakiri kwamba mwanzoni hilo liliniudhi sana. Wa nini upole wote huo kwa mtu wa namna ile? Leo naona kidogo. Ukimwita shetani umemwondolea lawama, maana shetani hana utoto wala hakuwahi kuwa na njia nyingine. Stroop alikuwa nazo. Alichagua, tena mara nyingi, na kwa kuulizwa taratibu siku baada ya siku alizitaja chaguzi zake mwenyewe, kwa kinywa chake. Ila kila nikifika kwenye ile picha ya mtoto, hasira inarudi, na sitaki iondoke.

Stroop alinyongwa humohumo Mokotów, 6 Machi 1952, bila kutubu. Novemba mwaka huohuo mahakama ikamhukumu Moczarski naye kifo. Hapa ndipo roho inaponiuma zaidi: dola moja, adhabu moja, kwa muuaji wa geto na kwa aliyepigana na wauaji. Mwaka 1953 adhabu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, lakini hakuambiwa mpaka Januari 1955. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa akingoja kitanzi ambacho hakikuwepo tena. Kila ufunguo uliolia mlangoni usiku ungeweza kuwa wake.

Na muda wote huo kichwani mwake alikuwa amebeba maneno ya Stroop, akiyalinda yasipotee, mpaka alipoachiwa 1956 na siku moja akapata karatasi.