Dar ya bure bado ipo, ila bahari wanaizungushia ukuta

Kila anayesikia nimerudi kutoka Muscat swali lake ni moja, eti umeionaje Dar, na ukimwangalia usoni unajua anasubiri nisifie madaraja. Na nasifia kweli. Tanzanite limekaa juu ya bahari zaidi ya kilomita moja, pale Ubungo ile foleni iliyotuzeesha sasa magari yanapita juu kwa juu, na treni ya umeme unatoka Dar asubuhi chai unaenda kunywa Morogoro. Mara ya kwanza kupita Tanzanite usiku na zile taa nililia kabisa, kaka yangu akanyamaza akaniacha nilie.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu nifike na nisipoliandika sitalala vizuri. Bahari yetu inafungwa jamani. Kidogo kidogo, kiwanja kwa kiwanja, na watu wameshazoea.

Mliokulia hapa miaka ya 90 hamhitaji maelezo. Idd mosi Mnazi Mmoja, bembea, barafu za ukwaju, nguo mpya zinarudi na vumbi. Idd pili baharini. Bi mkubwa anapakia pilau kwenye hotipoti, anakunja mkeka, sisi wa Kinondoni tunatembea kwa miguu tunakatiza Namanga mpaka Coco, wa Temeke wanapanda pantoni wanavuka Kigamboni, na wenye ndugu Mbezi wanashuka kituo cha Africana wanakata vichochoro mpaka kwenye mchanga. Kiingilio tulikijua cha mpira na cha disko toto, bahari hakuna aliyekuuliza kitu, ulikua unafika tu unavua ndala.

Sasa juzi nikawachukua watoto wa dada, nikawaambia leo mama mdogo anawapeleka baharini. Yule mdogo, hajafika hata darasa la pili, akaniuliza "bahari ipi?" Nikamwambia bahari, bahari ipi tena? Akaanza kunitajia, ya sijui wapi yenye bwawa la kuogelea, ya sijui wapi yenye bembea, zote ni majina ya biashara. Mtoto wa Dar es Salaam anaijua bahari kwa majina ya wenye mageti. Hilo lilinichoma lakini nikanyamaza, nikasema ntawaonyesha njia yetu ya zamani upande wa Mbezi, ile tuliyokua tunapita kwa shangazi.

Njia yenyewe haipo. Palipokua na michongoma pande mbili na mchanga katikati sasa kuna ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu, tukasogea kichochoro cha pili, ukuta, cha tatu kimewekwa geti la chuma na mlinzi mtu mzima, mstaarabu sana, akaniambia "dada yangu hapa hapapitiki siku hizi, zungukeni mpaka geti kubwa mkate tiketi." Tukazunguka juani na watoto na kapu. Geti kubwa mtu mzima buku kumi, mtoto buku tano, halafu binti akafungua kapu akasema chakula na vinywaji vya nje haviruhusiwi, hata maji. Pilau ya bi mkubwa ibaki getini, afu ndani tukanunue chipsi kuku kwa bei yao. Binti simlaumu, kaajiriwa. Nikawashika watoto mkono tukaondoka.

Piga hesabu sio ya kwangu mimi niliyetoka Uarabuni na vijisenti, piga ya mama anayekaanga vitumbua Mbagala ana watoto watatu. Elfu ishirini na tano kabla ya nauli ya kwenda na kurudi, kabla mtoto hajaomba soda. Huyo mama hataenda. Na wanawe watakua wakiwa wakazi wa jiji la pwani ambao bahari wanaiona wakiwa wamesimama kwenye daladala.

Watu wananiambia ndio maendeleo dada, kila mahali duniani ufukwe unalipiwa. Siyo kweli, na hapa nabisha kwa nguvu kwasababu nimeishi. Muscat pale Shatti al Qurum zimepangana hoteli ambazo chumba cha usiku mmoja kinazidi mshahara wa mtu, lakini mchanga uliopo mbele yake anatembea yeyote. Ijumaa jioni, siku yetu ya kupumzika, tulikua tunakaa pale Waswahili, Wahindi, Wafilipino, wenyeji na watoto wao na matemosi ya kahawa, vijana wanacheza mpira maji yakikupwa, hakuna anayekufungulia kapu. Ukitaka kutembea unaenda Mutrah, unaifuata ile njia ya kando ya bahari mpaka miguu ichoke, mabenchi yapo, bure. Nilikua nakaa pale na bibi mmoja aliyezaliwa Unguja tunaongea Kiswahili, na kila siku namsifia Coco, namsifia Mbezi, namwambia kwetu ni hivi hivi ila kwetu kuna minazi. Nashukuru hayupo hapa nimwonyeshe ule ukuta.

Na sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka bahari, mto au ziwa. Mita 60! Nendeni mkapime kwa hatua zenu, kuna kuta nimeziona mawimbi ya bamvua, yale maji makubwa, yanazigonga. Maji yakijaa huwezi hata kupita chini kwa chini kutoka ufukwe mmoja kwenda mwingine, inabidi usubiri yakupwe ndo ukimbie. Na wazee wa Kunduchi watawaambia bahari ikizuiwa hapa inakwenda kula pale. Walishachotewa mchanga miaka mingi kwenye mito inayoleta mchanga pwani, bahari ikala ardhi, ile hoteli ya Africana yenyewe, ambayo jina lake limebaki kuwa kituo cha daladala, ilishindwa na mmomonyoko. Mtu akijenga ukuta wa zege kuokoa kiwanja chake wimbi linamgeukia jirani, jirani naye anajenga, mwishowe mchanga unaondoka inabaki mawe na zege. Kwahiyo hata hao waliofunga, wanachokifunga kinaisha.

Haya, nimesema. Sasa niwape ambazo bado ziko wazi, maana watu wengi wanakaa ndani wikiendi nzima wakidhani mji hauna pa kwenda bila hela.

Coco bado yetu. Imejengwa vibanda vipya, imepangwa, sio ile tuliyoiacha, kuna watu wanailalamikia hiyo ila mimi naona sawa, kikubwa hakuna geti na unaingia na kapu lako. Mihogo ya kukaanga na pilipili na chachandu ipo, madafu yapo, mishikaki ipo. Nendeni Jumapili kuanzia saa kumi mkiwa wengi. Kitu kimoja tu, wazazi wa kizazi kipya mnaacha watoto wanajirusha bila kuangalia maji. Coco ina mawe na mkondo, angalieni mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanajaa kwa kasi na kutoka kwa kasi, mkae juu mle mihogo. Mkitaka watoto waoge nendeni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Haya mambo tulifundishwa na wazee wa Msasani tukiwa wadogo na sasa hivi naona hakuna anayemwambia mtoto.

Kutoka Coco unaweza kuunganisha kwa miguu juu ya Tanzanite mpaka upande wa pili, njia ya waenda kwa miguu ipo, upepo wake wa jioni hauna mfano, ila mwenye gari asisimamishe pale juu apige picha, apaki mbali atembee. Ukishuka unaifuata ile Ocean Road, ambayo tangu Obama alivyokuja 2013 inaitwa jina lake, kuna ukuta wa kuzuia bahari lakini ule wa umma, una njia ya kutembea na watu wanakaa wanapunga upepo. Ona tofauti, ukuta wa kumkinga raia na ukuta wa kumzuia.

Mjini kwenyewe, asubuhi ya Jumapili wakati kumetulia, ni siku nzima ya bure. Panda mwendokasi shuka Kivukoni. Anza Soko la Samaki Feri, ukiwahi alfajiri utakuta mnada umechangamka, jodari, changu, pweza, madalali wanapiga kelele mpaka unasahau usingizi, watoto wataona samaki ambao shuleni wanachorewa tu. Halafu tembea kando ya maji mpaka kanisa la Azania Front, geuka uone Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi za Mjerumani. Panda Samora mpaka kwenye sanamu la Askari, lile la 1927, wazee wakiita Bismini kwasababu kabla yake ilisimama pale sanamu ya von Wissmann, gavana wa Kijerumani, Mwingereza alipoingia ikaondolewa. Waambieni watoto yule askari wa shaba ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana vita ya kwanza ya dunia, na wale wapagazi waliobeba mizigo yao ndio waliotuachia jina la Kariakoo. Watoto wa dada walikaa kimya wanamwangalia askari na bunduki yake, wakauliza maswali mpaka tumefika bustani.

Bustani ya Botania ipo palepale jirani na Makumbusho ya Taifa, miti ya tangu enzi za Mjerumani, kivuli, na tausi wanajitembelea. Hapo pilau ililiwa! Makumbusho yenyewe unalipa ila bei ya mwenyeji sio ya kukimbiza mtu, na kwa fuvu la Zinjanthropus, lile Mary Leakey alilolipata Oldupai 1959, nalipa kwa moyo mmoja. Hela inayotunza historia yetu sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na hela ya kunionyesha maji ya Mungu.

Mchoraji mdogo mnaye nyumbani? Mpelekeni Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, wanafanya kazi mbele za watu, mtoto anasimama anaangalia tembo anavyotokea kwenye ubao kwa rangi ya mafuta. Tingatinga mwenyewe, Edward Saidi, alifariki 1972 ila mkono wake unaendelea kwa hao vijana. Mwenge kwenye vinyago hivyo hivyo, na Mikocheni kuna Nafasi Art Space ukaone wasanii wa sasa. Chuo Kikuu pale Mlimani nako ni pazuri kutembea, kuna miti, kuna tumbili (fungeni mifuko yenu, watachukua ndizi mkononi kabisa), unapanda Observation Hill jiji linaonekana lote limelala chini.

Na pantoni. Nauli ya mtembea kwa miguu ni mia mbili, na kwa mia mbili mtoto anapata meli, anaona bandari, anaona makontena yanashushwa, anaona mji kutoka majini. Kwangu mimi hakuna matembezi ya bei hiyo yanayoshinda hayo Dar nzima. Ukifika Kigamboni fukwe za kulipia zimejaa na huko nako wanafunga kwa kasi, nimeona kuta mpya hazijapigwa hata plasta. Ila nimejifunza kitu kwa dereva wa bajaji, ukitaka kufika baharini bila geti uliza diko liko wapi. Diko la wavuvi halikatiwi tiketi. Ni njia ya watu na kazi zao, ngalawa zimepumzika, nyavu zinashonwa, ukisalimia vizuri unakaribishwa na samaki unanunua wa sasa hivi. Kunduchi lipo, Msasani lipo, Mjimwema lipo. Sio pasafi kama kwenye mageti, nasema ukweli, pana magamba na harufu, nendeni na viatu vya watoto.

Na tuyatumie jamani. Kwa nilivyoona, eneo linalokaa tupu ndilo linaloandikiwa hati. Kiwanja tulichochezea mpira mtaani kwetu Kinondoni leo ni fremu za maduka, na majirani wananiambia ilianza vijana walipoacha kucheza, likakaa jalala, halafu akaja mtu na karatasi. Viongozi wa mitaa wanajua vichochoro vyote vya pwani, ramani za mipango miji zinavionyesha, ni kwenda ofisini na kuuliza kwa heshima na kwa maandishi, nani alifunga njia na kwa kibali gani. Mimi nimeshapeleka barua serikali ya mtaa kuhusu kile kichochoro chetu cha Mbezi, nimepewa nakala yenye mhuri, na wiki ijayo narudi kuulizia.

Wakati huo huo naandika orodha ya njia zote za kufika majini ambazo bado hazina geti kuanzia Kawe mpaka Ununio. Anayeijua hata moja aniambie mtaa, alama iliyo karibu, na kama inapitika maji yakiwa yamejaa au mpaka yakupwe.