Kiporo cha Bearsville

Jumapili, usiku sana

Leo nimeisikiliza The Siket Disc, albamu ya Phish, bendi ya roki ya Marekani, mara tatu. Mara ya kwanza mikono ilikuwa na kazi nyingine, mara ya pili nilikaa tu, mara ya tatu nikazima taa. Yote ni kama dakika 35, kwa hiyo haikunimalizia usiku. Naandika kabla sijalala kwa sababu kesho nitakuwa nimesahau nilichokisikia mara ya tatu.

Wengi wanaoijua Phish wanaijua kwa mambo ya jukwaani. Bendi ilianza Burlington, Vermont, mwaka 1983, na kwa miaka mingi imekuwa ya watu wanne wale wale: Trey Anastasio kwenye gitaa, Mike Gordon kwenye besi, Jon Fishman kwenye ngoma, Page McConnell kwenye vinanda. Wimbo wa dakika 5 huweza kufika 25 wakiuachia, na hakuna anayejua utatua wapi, wao wenyewe wakiwemo. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2000 walipiga kule Florida, tangu karibu na saa sita usiku hadi jua likachomoza, mbele ya watu wapatao 80,000. Ukimwambia aliyekuwapo usiku ule kwamba kazi yao unayoipenda kuliko zote ni kijialbamu cha vipande 9, karibu vyote ala tupu, atakutazama mara mbili.

Mimi naipenda hiyo, na leo nimeelewa vizuri zaidi kwa nini.

Mwaka 1997 wanne hawa waliingia Bearsville, studio iliyo karibu na Woodstock, jimbo la New York, kutafuta nyimbo za albamu ambayo baadaye ikaitwa The Story of the Ghost. Namna yao ya kutafuta ilikuwa kuacha tepu izunguke na kupiga bila mpango wowote, kwa masaa, kisha kurudi kusikiliza wameokota nini. Sehemu walizozipenda zikawa mbegu za nyimbo, zikapata mashairi, zikatoka mwaka 1998. Nyingine hazikupata wimbo wa kuzihifadhi. Hizo ndizo McConnell alizozirudia baadaye, akazikata, akazipanga mpaka zikawa kitu kimoja. Jina la albamu wakalichukua kwa John Siket, mhandisi aliyekuwa akirekodi vikao vile.

Napenda sana hilo la jina. Mtu aliyekaa nyuma ya kioo, aliyehakikisha tepu inazunguka wakati wengine wanatafuta njia gizani, ndiye aliyeandikwa mbele.

Mwaka 1999 albamu iliuzwa kwanza kwa posta, kutoka kwa bendi kwenda kwa mashabiki wake. Novemba 2000 ndipo Elektra, kampuni ya rekodi, walipoitoa madukani. Kwa hiyo mwanzoni haikuwa na safari ya kumtafuta msikilizaji mgeni. Ilikuwa kama kiporo: chakula cha jana ambacho humpi mgeni, ila watu wa nyumbani wanakigombea asubuhi kwa sababu usiku kucha kimekolea.

Kinaanza na My Left Toe, na kinaanza kama kitu kilichokuwa kinaendelea kabla hujafungua mlango. Gitaa halina haraka ya kusema jambo, linavimba na kupungua, na ngoma zinaingia chini yake kidogo kidogo. Nilipoisikia mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilingoja wimbo uanze. Leo gizani nilimsikia Gordon akishika sauti chache tu kwenye besi na kuzirudia, akimpa mwenzake mahali pa kukanyaga. Hapo nikaelewa kwamba wimbo ulikuwa umeanza zamani. Mimi ndiye nilikuwa nimechelewa kuusikia.

The Name Is Slick unafuata na mdundo wa kutikisa kichwa, nao sina mengi ya kuusemea, unafurahisha basi. Kisha What's the Use?

Jina hilo kwa Kiswahili ni "ya nini?" Maneno mawili, na pumzi unayoishusha mtu anapokuchosha. Lakini muziki wenyewe hauna uchovu. Gitaa linapanda polepole, linaishika noti moja muda mrefu kupita ulivyotarajia, halafu linaiachia na kwenda kwenye nyingine, na ngoma za Fishman zinakuja nzito nyuma yake, kila pigo likingojea zamu. Unazidi dakika 10 na sijawahi kuuona mrefu. Kuna mahali unapungua, unakuwa mdogo, unakaribia kuzimika. Hapo kila mmoja wa wale wanne anapiga kidogo mno, na kila mmoja anasikika. Ungeweza kuuita wimbo wa huzuni. Mimi nausikia kama wimbo wa watu wanaosikilizana kwa bidii mpaka inaumiza.

Vipande vingine ni vifupi, na vingine ni vya ajabu kweli. Kwenye Quadrophonic Toppling kuna sauti inayorudiarudia jina la kipande, na hiyo ni miongoni mwa mara chache unaposikia neno la binadamu humu. Wapo mashabiki wanaoruka vipande hivi. Mimi siviruki. Bila hivyo, ule mrefu ungesimama peke yake kama mnara, na hii isingekuwa tena picha ya vile vikao, ambamo dakika moja watu wanatafuta sauti ya kuchekesha na dakika inayofuata wanaangukia kitu kinachowanyamazisha.

Sasa hao mashabiki. Kabla ya muziki kupatikana kwenye intaneti, watu wa Phish walikuwa na utaratibu wao, urithi kutoka kwa mashabiki wa Grateful Dead, bendi ya Marekani iliyowatangulia. Bendi iliruhusu watu kurekodi maonyesho na kugawana kanda, mradi pasiwe na kuuza. Mgeni asiye na kanda hata moja alituma kaseti tupu na stempu za kurudishia, na mtu asiyemfahamu kabisa akamjazia onyesho zima, akamrudishia bure. Kilichohitajika ni kwamba naye akipata, amjazie mwingine. Watu walijifunza kusikiliza kwa njia hiyo, wakilinganisha usiku na usiku, wimbo ule ule kwenye miji miwili. Masikio yaliyofundishwa hivyo ndiyo yaliyoipokea The Siket Disc. Hayakuhitaji kiitikio cha kushika.

Na ndiyo maana kinachotokea What's the Use? ukipigwa jukwaani si cha kawaida. Haupigwi kila usiku, kwa hiyo noti zake za kwanza zikisikika, kelele inalipuka. Halafu unafika pale pa kupungua, bendi inashuka mpaka karibu hakuna kitu, na maelfu ya watu waliokuja kupiga kelele wananyamaza. Katika rekodi za miaka ya karibuni bendi inapakalia pale muda mrefu. Kuna wakati husikii chochote ila mtu mmoja mbali anayepiga mluzi, kisha naye anaacha. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Wimbo hauna neno la kuimba pamoja, kwa hiyo wanachokifanya pamoja ni hicho. Nimesikiliza rekodi za namna hiyo mara nyingi na kila mara kifua kinabana pale pale.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niitoe albamu hii leo.

Aliyenipa alikuwa rafiki yangu. Nakala ya CD, majina yote 9 kayaandika kwa mkono kwenye karatasi, herufi za kuinama, na chini yake: "usiikatishe." Tulikuwa tukiisikiliza wote wawili, yeye sakafuni, mimi kitandani, na ilikuwa mwiko kusema lolote mpaka Albert, kile kipande cha mwisho, kiishe. Juzi tumegombana kwenye simu. Sitaandika habari ya ugomvi wenyewe, haunihusu peke yangu. Ila nimekuwa nikiyarudia mazungumzo yale kichwani, na ninachokikumbuka ni maneno yangu tu. Yake siyakumbuki. Nilikuwa nikingoja amalize ili niseme la kwangu, na nadhani hata kumaliza sikumsubiri.

Ndicho nilichokisikia mara ya tatu, gizani. Karibu na mwisho wa ule wimbo mrefu, Anastasio anaishika noti na McConnell angeweza kuijaza nafasi ile yote kwa kinanda chake. Mikono anayo, na uwezo anao. Anaweka kidogo sana, pembeni, kisha anaiacha noti ya mwenzake iishe yenyewe. Na ni yeye huyo aliyekuja kukaa na tepu zile baadaye na kuamua kwamba dakika hizi zisipotee.

Sahibu wangu huwa halali mapema. Nimeandika ujumbe mara nne na kuufuta mara nne, kwa sababu kila mmoja ulianza na "lakini." Mwishowe nimemtumia wimbo tu, What's the Use?, bila neno.

Ameufungua. Ni dakika sita sasa na hajajibu, na mimi nimeuanzisha tena upande wangu, nikikisia amefika wapi.