Siku moja maishani mwangu: mwenye steshenari na muswada wake

Saa 10:30 alfajiri

Morogoro bado imelala. Nina saa moja na nusu kabla watoto hawajaamka, na muda huu ni wa kuhariri riwaya yangu tu. Simu nimeiacha chumbani. Nahariri kwenye karatasi kwa peni nyekundu. Karatasi zenyewe ni zile zilizoharibikia dukani: nyuma ya sura yangu ya saba kuna ripoti ya mtu kuhusu magonjwa ya mihogo, na kuna asubuhi ambazo mihogo inavutia kuliko sura.

Leo nasoma mazungumzo kwa sauti. Bibi wa Kinole na karani wa mahakama wanaongea sawasawa, wote wawili kama taarifa ya habari. Bibi nampunguzia maneno, karani namwongezea "kwa mujibu wa". Nafuta "basi" zinazofungua aya, nafuta "ambaye alikuja" nabakiza "aliyekuja". Makosa kama haya jicho huyaruka, ulimi hujikwaa. Nikifika kurasa nne naacha, hata kama hamu bado ipo. Hasa kama bado ipo, maana ndiyo itakayoniamsha kesho.

Saa 2:00 asubuhi

Nafungua duka. Wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, wanaleta tafiti zao: kuchapa, kutoa kopi, kubana spairo. Binti mmoja amerudishiwa sura ya pili na msimamizi wake kwa mara nyingine tena. "Dada, nitolee tena hii, jamani." Analipa, anacheka, anaondoka. Sisi waandishi wa riwaya tukirudishiwa kazi tunanuna mwezi mzima.

Saa 7:30 mchana

Barua pepe nazifungua baada ya kula, kwa makusudi. Wali maharage kwanza.

Kuna jibu la mchapishaji mmoja: kazi ni nzuri, lakini ni ndefu, na ile sehemu ya kilabu cha pombe haitafaa shuleni. Soko la vitabu nchini linabebwa na shule, na kitabu cha kwenda shuleni hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania ili kipate ithibati. Kwa hiyo mchapishaji hapa anapiga hesabu ya mauzo. Kipaji changu hakijatajwa popote. Kwangu jibu lenye sababu lina thamani kuliko sifa tupu, na linazidi mbali kimya, ambacho ndicho jibu la kawaida. Naandika kwenye daftari: tarehe, nani, amesema nini. Urefu nitaupunguza. Kilabu kinabaki.

Saa 10:00 jioni

Wateja wamepungua, natuma kwingine. Kazi hii naifanya kikarani, bila kusoma upya hata aya moja, kwa sababu nikianza kusoma sitatuma. Barua fupi, wasifu mfupi, sura tatu za mwanzo, muhtasari. Muhtasari usifiche mwisho wa hadithi. Mhariri si msomaji wa kushtukizwa.

Wengine bado wanataka nakala ya karatasi. Hiyo naifunga kwenye bahasha ya kaki, naipeleka Msamvu, inapanda basi hadi Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, na shemeji yangu anaipokea kule Mbezi. Kwenye daftari kuna pia ukurasa wa tuzo za uandishi: ya Mwalimu Nyerere, na ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Zote zimewahi kupokea miswada ambayo haijachapishwa, jambo linalonifaa mtu kama mimi nisiye na kitabu dukani.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Siku niliyotuma huwa nafungua hadithi nyingine usiku huohuo, hata iwe aya moja, ili nisikae nikichungulia simu wiki nzima. Rafiki yangu mshairi wa Tanga ananitumia sauti WhatsApp:

"Shoga, umetuma?"

"Nimetuma."

"Na mpya?"

"Nusu ukurasa. Kuna mwizi wa kuku, bado sijampa jina."

"Mpe la mume wangu."

Nimempa.